Jina Zima kwenye CD Mia Mbili

Wimbo ulimkuta Zafirka ndani ya basi la kutoka Smolyan, kiti cha tatu nyuma ya dereva, mapajani mifuko mitatu. Aliijua ile sauti kabla neno la kwanza halijaisha. Nani mwingine angeweza kulivuta neno moja hadi abiria wakaacha kutafuna mbegu za alizeti? Alikuwa Stoilovitsa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, bibi wa miaka themanini na mitatu, ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa amemfokea kwa kuacha lango wazi mpaka kuku wakatoka.

Basi liliposimama Chilova, Zafirka hakushuka mara moja.

"Kaka, huyu anayeimba ni nani?"

"Bibi mmoja wa milimani," dereva alisema. "Nadhani alishakufa."

"Alishakufa!"

"Si sauti za zamani hizi, dada? Wote walishakufa. Shuka basi, nimechelewa."

"Nionyeshe hiyo CD kwanza."

Dereva aliitoa huku akiguna. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene: NYIMBO NZURI 4. Hakuna mwimbaji, hakuna kijiji, hakuna chochote. Zafirka alishuka na mifuko yake akiwa amewiva kwa hasira, na hasira ya Zafirka, wanaomfahamu watakuambia, haikai bure. Lazima itafute kazi ya kufanya.

Miaka saba nyuma watu wa mjini walikuwa wamekuja Chilova na mashine ya kurekodia. Wakamrekodi Stoilovitsa, wakala klin, pai ya wali na jibini, sinia zima, wakaondoka, na kwenye kanda yao wakaandika "sauti ya mwanamke wa milimani". Tangu hapo wimbo ule ulitembea. Uliingia kwenye mikahawa, kwenye teksi, kwenye harusi za watu wasiojua Chilova iko upande gani. Kila mtu alinakili kwa mwenzake, na maganda ya CD, ambako jina lingeweza kuandikwa, yalikuwa yakipotea kama vifuniko vya sufuria. Ndiyo maana Zafirka, katibu wa jumba la utamaduni la kijiji, mama wa miaka hamsini na miwili asiyejua kukaa, aliapa barabarani pale kwamba safari hii jina litakuwa juu ya CD yenyewe.

CD zenyewe zilikuwepo. Kwaya ya kina mama saba, Stoilovitsa akiongoza, ilikuwa imerekodi nyimbo kumi na mbili kwenye jukwaa la jumba hilo mwezi wa pili, na nakala mia mbili zilishachomwa. Jumamosi ulikuwa mkusanyiko mkubwa wa nyimbo kule juu uwandani, watu maelfu, na Stoilovitsa alishasema kwamba baada ya mwaka huu magoti yake hayapandi tena mlima ule. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Zilibaki siku chache mno, na CD mia mbili zilikuwa hazina neno juu yake, zinang'aa tu.

"Desho!" Zafirka alianza kuita hata kabla ya kufika langoni. "Desho, tunachapaje juu ya CD?"

Desho alikuwa fundi umeme wa mgodini aliyestaafu. Tangu mwanawe amletee kompyuta kutoka Hispania, watu wa Chilova walikuwa hawamwoni ila kupitia dirishani, na CD zote mia mbili alizichoma yeye, moja moja, kama anayelea vifaranga. Swali hilo alikuwa amelingoja maisha yake yote.

"Kaa chini, shemeji," alisema, macho yakimng'aa. "Kuna njia tano."

Alimwita shemeji kwa sababu marehemu mke wake alikuwa binamu wa mume wa Zafirka, na kwa sababu Chilova kila mtu ni shemeji wa mtu. Akazitaja njia zake akikunja kidole kimoja kimoja. Kwanza kalamu. Halafu stika ya karatasi, ya mviringo. Halafu CD zenye uso mweupe, zinazopita ndani ya printa ya wino wa rangi. Halafu kiwanda cha Plovdiv, kinachochapa kwa kusukuma rangi kupitia kitambaa kilichowambwa, kazi isiyotoka hadi kiama. Kwenye ya tano alishusha sauti kama anayetaja mchumba wa ujanani: kuna mashine mpya kabisa, unaigeuza CD kifudifudi, na mwale uleule uliochoma nyimbo unachora maandishi upande wa pili.

"Hiyohiyo!" Zafirka alipiga meza.

"CD moja dakika ishirini na tano."

Zafirka alipiga hesabu akitikisa midomo. "Hizo si zaidi ya saa themanini?"

"Themanini na tatu. Na mashine yenyewe sina. Nimeisoma gazetini."

"Sasa unaniambia ya nini?"

"Kwa sababu ni nzuri, shemeji! Huoni kwamba ni nzuri?"

Kiwanda cha Plovdiv walikipigia simu papo hapo. Msichana mwenye sauti laini akasema hawawashi mitambo kwa chini ya nakala elfu moja, na foleni ni ya wiki tatu. Kalamu Zafirka aliikataa mwenyewe. CD zote za wizi nchini zimeandikwa kwa kalamu, na ukimpa mtu ya namna hiyo umemruhusu naye akanakili na kuandika lake. Zikabaki stika na printa. Stika zilikuwa za haraka zaidi, na mtu wa kuzichapa alijulikana: Asparuh, mwenye duka la uchapaji mjini, jirani na hospitali.

Kabla ya kumpigia, Zafirka ilibidi afungue daftari la jumba la utamaduni alitafute jina. Msishangae. Hapa mwanamke wa zamani akishaolewa anaitwa kwa jina la mumewe. Mume aliitwa Stoil, basi mke akawa Stoilovitsa, mwaka wa sitini na tatu sasa, ingawa Stoil mwenyewe alishalala makaburini zamani. Daftarini aliitwa Fidanka. Fidanka Argirova Karadzhova. Zafirka alilisoma mara mbili, kama jina la mgeni.

"Nataka mia mbili," alimwambia Asparuh kwenye simu. "Za mviringo, za kubandika. Picha nakutumia kwa basi la saa nane, ile ya kitambulisho."

"Sawa. Jina zima?"

Akamtajia.

"Kazaliwa lini?"

"Mwaka wa ishirini na mbili."

"Na huo mwingine?"

"Mwingine upi? Weka mwaka huu, elfu mbili na tano."

"Na maneno?"

"'Sauti yake itabaki.'" Hilo ndilo lilikuwa jina la CD, na Zafirka alikuwa amelitunga mwenyewe, akajisifu sana.

"Kesho zitakuwa tayari," Asparuh alisema kwa upole mkubwa. "Pole sana, mama."

"Asante," alijibu Zafirka, akidhani anahurumiwa kwa mbio zake.

Jioni alimweleza Stoilovitsa mpango wote juu ya ukuta. Bibi hata hakuacha kupalilia vitunguu. "Jina la nini?" alisema. "Wausikilize wimbo, inatosha. Na funga lango lako."

Kesho yake, Jumanne, saa tano na nusu, Zafirka alikuwa anafagia jukwaa aliposikia kengele ya kanisa. Haikuwa kengele ya sala. Ilipiga taratibu, pigo moja moja, kengele ya msiba. Alitoka na ufagio wake mkononi.

"Nani?" alimuuliza mwanamke aliyekuwa akipita mbio, kitambaa cheusi kichwani.

"Stoilovitsa! Hujui, na unapakana naye?"

Alikimbia hivyohivyo na ufagio, akijilaumu kwa kila neno alilowahi kumjibu vibaya juu ya ukuta ule. Alikuta langoni watu kama kumi na watano, wanaume wamevua kofia, wanawake wameshika maua. Mbele yao, upande wa ndani wa lango, alisimama Stoilovitsa mwenyewe na jembe lake la vitunguu.

"Namuuliza Gyurga, hasemi," bibi alisema. "Zafirka, angalau wewe niambie. Nani amekufa?"

Gyurga, mwimbaji wa sauti ya pili, ambaye mdomo wake haujawahi kushikika, alikuwa amejaa machozi na ameshika bahasha iliyochanika. Ilikuja na basi, akaipokea yeye kwa niaba ya Zafirka, akachungulia kidogo tu, na kutoka kituoni hadi dukani hadi kwa mpiga kengele ikawa ni mwendo wa dakika kumi. Zafirka alimpokonya.

Zilikuwa nzuri sana, hilo lazima lisemwe. Stika mia mbili za mviringo, kila moja na uso wa Stoilovitsa katikati, mweusi kwa mweupe. Chini ya uso, jina zima. Chini ya jina, 1922 – 2005. Chini kabisa, "Sauti yake itabaki". Na kuzunguka yote, mpaka mnene mweusi. Asparuh alikuwa amechapa kile ambacho amekuwa akiwachapia watu wote wanaotoka hospitali wakilia: tangazo la kifo, lile linalobandikwa kwenye lango, kwenye nguzo na kwenye mlango wa duka, na tena baada ya siku arobaini, na tena baada ya mwaka. Kama mteja alilitaka la mviringo, yeye nani amkatalie mfiwa?

"Bibi," Zafirka alianza, uso ukimwaka moto, "ni stika za CD. Ni kosa. Naomba unisamehe."

Stoilovitsa alinyoosha mkono. Alichukua moja, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaisogeza tena.

"Hili ndilo jina langu?"

"Ndilo, bibi."

"Lote?"

"Lote."

"Na limechapwa." Alipitisha kidole juu ya herufi. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa mabega tu, halafu kwa sauti yake yote, na kwa kuwa sauti yake ni ile, kuku walikimbia. "Oneni basi! Mwanamke wa hapa jina lake lote huchapwa siku ambayo hana macho ya kulisoma. Mama yangu hakuliona lake. Mama mkwe hakuliona lake. Mimi nimeliona!"

"Kwa hiyo wewe ni Fidanka?" Gyurga alisema, kamasi bado zinamtoka. "Miaka arobaini naimba kando yako!"

"Hukuniuliza." Bibi alimgeukia Zafirka, na sasa hakuwa anacheka. "Nalitaka. Unasikia? Jana sikulitaka, leo nalitaka, juu ya CD zote. Lakini huu mweusi uniondolee."

Kisha akapokea maua kwa kila aliyeleta, maana maua hayarudishwi. Yote yalikuwa na idadi shufwa, manne au sita, kama anavyopelekewa marehemu. Akachomoa ua moja kutoka kila shada akalitupia mbuzi, yakabaki ya witiri, ya mtu anayepumua.

Stika Desho aliijaribu hata hivyo, kwa ajili ya sayansi. Alibandika moja kwenye CD, akaitia kwenye redio ya gari lake lililokuwa limesimama juani, na baada ya nyimbo mbili gundi ikalainika, karatasi ikajikunja, CD ikagoma kutoka. Mpaka leo ukiwasha gari la Desho, Stoilovitsa ndiye anayeimba, utake usitake.

"Printa!" Desho alitangaza Jumatano, akiingia jumba la utamaduni bila kubisha. Mpwa wake alikuwa amemwazima printa yenye kisahani cha kuwekea CD, pamoja na CD nyeupe ishirini. Zikifaa, nyingine mia na themanini zingeletwa na basi la Alhamisi, na yeye angezichoma upya mpaka vidole vimwote sugu. Waliizunguka ile mashine, Zafirka, Gyurga na kina mama wengine wa kwaya, wakisukumana kama watoto. Kisahani kiliingia, kikanguruma, kikatoka.

Jamani, rangi! Uwanda wa kijani, anga la buluu, na juu yake kwa herufi nyekundu: FIDANKA ARGIROVA KARADZHOVA. Gyurga alipiga ukelele. Zafirka alimkumbatia Desho, akamwacha haraka, akamkumbatia tena. Walichapa zote ishirini, kila iliyotoka ikashangiliwa kama ya kwanza, wakazipanga kwenye boksi wazi ili zikauke, na Zafirka akalibeba kifuani kwenda kumwonyesha mwenye jina.

Stoilovitsa aliziangalia moja baada ya nyingine. Alizirudisha kwenye boksi kwa ncha za vidole.

"Sasa zipeleke kwa meya azione," alisema. "Na ngoja, usitoke hivyohivyo."

Ndiyo desturi. Kitu kipya kikitoka nyumbani kwenda kutafuta bahati yake, iwe ni bwana harusi au mtoto wa siku ya kwanza shuleni, lazima kimwagiwe maji kizingitini ili mambo yake yatiririke. Stoilovitsa alichukua ndoo yake ndogo ya shaba yenye maji, akatia tawi la kijani, akayamwaga kwa mkono mkunjufu, kwa moyo wake wote. Na kwa kuwa hakuwa amemwagia bahati yake mwenyewe tangu siku ya harusi, aliyamwaga mengi. Nusu ilianguka kizingitini. Nusu ilianguka kwenye boksi.

Zafirka alitazama nyekundu ikiingia kwenye kijani. F ilikwenda kwanza, halafu zote. Katika muda wa kufumba na kufumbua boksi lilikuwa limejaa supu ya zambarau, na juu ya CD ishirini hakuna hata herufi moja iliyosomeka.

"Nimelimwaga," Stoilovitsa alisema polepole. "Nimelimwaga kwa mkono wangu." Akakaa kizingitini penye maji, ndoo mapajani.

Zafirka alitaka kulia, lakini hakuwa na nafasi. "Afadhali hapa kuliko kule," alisema, akakaa naye majini. "Kule uwandani kuna mvua, kuna bia, kuna vidole vyenye mafuta. Lingefutika mikononi mwa watu na tusingejua. Bora tumejua." Aliamini nusu ya maneno yake. Nusu nyingine ilikuwa hofu tupu, kwamba Jumamosi atapanda mlima na CD mia mbili za mtu asiye na jina, na mwakani hakuna kupanda.

Usiku ule hakulala vizuri. Alhamisi asubuhi alikwenda kwa Stoilovitsa kwa sababu hakujua pa kwenda. Bibi alimkaribisha mezani, akamletea mkate na ndoo ya plastiki ya mtindi ambayo ndani yake, kama ndoo zote za mtindi katika nyumba zote za nchi hii, hamkuwa na mtindi. Mlikuwa na pilipili za kuchoma zilizotiwa siki. Zafirka alibandua kifuniko. Mafuta na siki vilikuwa vimekilowesha chote, akakifuta kwa kitambaa, na chini ya kitambaa akaona tarehe iliyogongwa kiwandani. 17.04.1997.

Alifuta tena. Tarehe ilibaki. Akakwaruza kwa ukucha. Ilibaki.

"Bibi, hii ndoo unaiosha?"

"Unaniona mchafu? Kila msimu wa pilipili naiosha, miaka minane sasa. Kwa magadi."

"Kwa magadi!" Zafirka aliruka. "Na siki! Na tarehe haijatoka! Una rakia?"

"Saa mbili asubuhi?"

"Lete!"

Alimimina ile pombe kali ya zabibu juu ya kifuniko, akasugua mpaka mkono ukamuuma. Moja, saba, nukta, sifuri, nne. Zote zilikuwa palepale, buluu, zikimtazama. Alikibusu kile kifuniko, siki na yote, akatoka nacho mbio bila kuaga, na lango akaliacha wazi, na kwa mara ya kwanza Stoilovitsa hakumfokea.

Zapryan, msimamizi wa kiwanda kidogo cha maziwa mwisho wa kijiji, hakuelewa mwanzoni kwa nini katibu wa utamaduni anapunga kifuniko cha mtindi mbele ya pua yake.

"Wino gani huu?"

"Wa plastiki. Unakauka kabla hujasema kwaheri. Ukikugusa kidole, utazikwa nao."

"Nipe chupa."

"Upo wa buluu tu."

"Hata ungekuwa wa rangi ya matope! Nipe!"

Ulibaki mhuri wa kugongea wino huo, na nani mwingine wa kuukata? Asparuh, kama wachapaji wote, alikuwa akikata pia mihuri ya maofisi. Zafirka alimpigia, akajitambulisha.

"Mama, nimesikia," Asparuh alisema. "Huyo bibi kweli yupo?"

"Yupo, na anataka mhuri. Wa duara, wenye tundu katikati, wa mpira unaovumilia wino wa maziwa."

"Nitaukata leo hii hii, na ni zawadi. Mwambie sijawahi kufurahi kiasi hiki kwa kukosea kazi."

Ukaja na basi la jioni. Lakini Desho, ambaye furaha haijawahi kumzuia kuwaza, aliinua kidole. Nyimbo kwenye CD hazikai chini, alieleza, zinakaa juu kabisa, chini ya utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Wino unaoshika namna hii unaweza kuula utando. Mtapata jina, mpoteze sauti. Basi wakagonga mhuri kwenye CD moja tu. Wakaiosha kwa maji. Wakaiosha kwa sabuni. Gyurga akaimwagia rakia, na iliyobaki akainywa, akasema ni ya kupimia. Jina lilibaki. Wakaiweka juu ya kabati karibu na jiko, kwenye joto, mpaka asubuhi.

Ijumaa, saa moja, wote walikuwa nyumbani kwa Desho, Stoilovitsa kwenye kiti cha heshima. Desho aliitia CD mashineni. Walisikiliza zote kumi na mbili, dakika arobaini na nane, bila mtu kukohoa. Katika wimbo wa saba palisikika mkwaruzo na Zafirka akakifinya kiganja cha Gyurga mpaka akalalamika.

"Hiyo ni pua yangu," Stoilovitsa alisema. "Nilikuwa na mafua."

Wimbo wa mwisho ulipoisha mzima, Desho alisimama, akavua kofia, akaitupa darini.

Basi ikawa siku ya kugonga. Meza ndefu ya jumba la utamaduni ilijaa: mmoja anapanga CD, mmoja anapaka wino, mmoja anagonga, mmoja anapepea kwa gazeti, madirisha wazi kwa sababu ya harufu. Waliimba, bila shaka, hawajui kufanya kazi kimya. Gyurga alilalamika kwamba mhuri umesema tu "na kina mama wa Chilova", yeye yuko wapi?

"Mwakani tutakukatia wako," Zafirka alimjibu.

"Mkatieni sasa, ila msimpe Asparuh tarehe!" mmoja alidakia, na kazi ikasimama kwa kicheko.

Stoilovitsa alitaka kugonga mwenyewe. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, kwa hiyo kwenye CD kama thelathini hivi jina lilikaa upande, na kwenye mbili liligongwa mara mbili. Zafirka hakuziondoa. Saa kumi jioni ya mia mbili ilikauka, na kina mama wote saba walikuwa na vidole vya buluu, ambavyo, kama alivyoahidi Zapryan, havikutoka.

Jumamosi uwanda ulikuwa mweusi kwa watu. Kondoo wa kuchoma walikuwa wakizungushwa motoni, zumari za mfuko wa ngozi zilikuwa zikilia kutoka kila upande, mawingu yalikuja, yakanyesha kidogo, yakaondoka. Kwaya ya Chilova ilikuwa imeketi kwenye benchi nyuma ya jukwaa ikingoja zamu yake. CD zilishapita mikono mingi iliyolowa, na Zafirka alikuwa akizunguka akizichungulia moja moja mikononi mwa watu wasiomjua, akirudi kila mara kuripoti: "Lipo! Lipo bado!"

Mtangazaji, kijana wa mjini mwenye tai, alipewa moja. Aliigeuza, akaifuta tone la mvua kwa kiganja, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Na sasa tunamwita jukwaani," alisema, na vipaza sauti vikalipeleka mpaka kwenye misonobari, "Fidanka Argirova Karadzhova!"

Watu walipiga makofi. Stoilovitsa naye alipiga makofi, kwa adabu, akinyoosha shingo kuangalia nani anasimama. Hakuna aliyesimama. Kina mama wa benchi walimgeukia, mmoja mmoja. Zafirka alichuchumaa mbele yake, akamshika magoti.

"Bibi, ni wewe. Ni wewe anayekuita."

Mikono ya bibi ilitua mapajani. Alimtazama Zafirka, halafu akalitazama jukwaa.

"Najua ni mimi," alisema. "Ngoja aite tena."